Pete ndani ya chemba

Ganda la risasi liligoma kutoka kwenye chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu linamokaa. Nilivuta wenzo wa bunduki mara moja, mara mbili, mara ya tatu likachomoka kwa mlio kama wa kizibo cha soda. Nikadhani ni masizi tu. Nikapakia jingine, nikafyatua, nalo likang'ang'ania. La tatu nikalinyanyua juani: chini kidogo ya mdomo, shaba ilikuwa imetuna na kujizungushia mkanda mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. Nikapitisha ukucha. Ukucha ukakwama.

Nyumbani nikasukuma kitambaa chenye mafuta ndani ya mtutu kwa fimbo. Kilikwenda kwa uzito uleule, mahali pamoja kikalegea, halafu kikabana tena. Mtu wa kazi yangu anaijua lugha hiyo. Bomba limevimba.

Bunduki yenyewe nilikuwa nayo kwa miezi saba tu. Ni ya risasi ya .45-70, ile ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1873, inapakiwa moja moja. Niliiharibu kwa kiduara cha karatasi nilichokikata kwenye pakiti ya maziwa.

Mimi ni fundi bomba. Nimezaliwa Tanga, mwaka wa ishirini na mbili huu niko Minnesota, na wakati wa baridi, jua linapozama saa kumi na nusu jioni na theluji imeziba mlango, ninashuka chumba cha chini ya nyumba na kujitengenezea risasi. Namaanisha za shabaha. Siwindi, na nilipokuwa Tanga sikuwahi hata kushika gobore. Jirani yangu mmoja wa hapa, mzee mstaafu, ndiye aliyenipeleka uwanja wa shabaha mara ya kwanza, na ndiye aliyenifundisha kusubu, yaani kuyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu yawe vichwa vya risasi. Namwita Mzee, naye kalizoea jina mpaka wenzake wa uwanjani wanamwita hivyohivyo bila kujua maana yake.

Nilimpelekea lile ganda. Aliligeuza mara moja, akaniuliza swali moja tu.

“Uliacha hewa?”

Niliacha hewa.

Nieleze. Maganda ya zamani kama hili la .45-70 yalitengenezwa kwa baruti nyeusi, na baruti nyeusi inachukua nafasi. Unajaza ganda mpaka juu, kichwa cha risasi kinaikalia na kuishindilia. Baruti ya kisasa, isiyo na moshi, ina nguvu zaidi kwa uzito uleule, kwa hiyo ukitaka risasi ya polepole ya shabaha unaweka kidogo sana. Inalala chini ya ganda kama sukari iliyobaki chini ya kikombe. Juu yake, hadi kwenye kichwa cha risasi, ni utupu.

Kuna kazi mbili ambazo watu huzichanganya, nami nilizichanganya. Ya kwanza ni ya kizibo: kiduara cha karatasi ngumu au plastiki laini kinachokaa chini ya kichwa cha risasi ili kukilinda kitako chake na moto. Ya pili ni ya kijazo: kitu chepesi cha kuuziba ule utupu, ili baruti ikae karibu na fataki, kile kidude cha kitakoni mwa ganda kinachoiwasha, badala ya kumwagika huku na huko unapoinua na kuinamisha mtutu. Mimi nilitaka yote mawili kwa kitu kimoja. Nikaweka baruti yangu kidogo, kisha nikakibana kiduara cha pakiti ya maziwa juu kabisa, chini ya kichwa. Katikati hewa tupu.

Kiduara kikakaa pale kwa siku kadhaa. Kikiwa kimeng'ang'ania, hakuna neno. Lakini risasi zilipanda gari, zikatikiswa kilomita arobaini za barabara yenye mashimo ya barafu, na baadhi ya viduara vikateleza katikati ya ganda, vikaning'inia hewani. Fataki ikilia, gesi inakikumba kiduara kile, inakirusha mbele kwa kasi ya ajabu, nacho kinagota kwenye kitako cha kichwa ambacho bado hakijaanza kuondoka. Kila fundi bomba amewahi kusikia mshindo wa maji ndani ya ukuta mtu anapofunga koki ghafla. Maji yalikuwa yakikimbia, yamekatazwa kwenda, nguvu yote inaishia pale pale yalipogota. Kwenye bomba unasikia kishindo, siku moja kiungo kinaachia. Kwenye mtutu chuma kinavimba mduara mzima, pale pale kitako cha kichwa kilipokuwa. Ndiyo pete yenyewe.

Na sikuona kitu cha ajabu wakati wa kufyatua. Hiki ndicho kilichonitia baridi. Teke lilikuwa dogo, mlio mdogo, matundu kwenye karatasi yalikuwa yamekaa pamoja vizuri kuliko wiki iliyotangulia. Nilikuwa nikijisifu. Mtu anadhani hatari ya kupakia risasi mwenyewe ni kuzidisha baruti, kumbe mimi nilikuwa nimepunguza.

Fundi bunduki niliyempelekea aliniambia naweza kuendelea kuitumia kwa risasi nyepesi, maganda yatakuwa yanagoma, au nibadilishe mtutu. Nilibadilisha. Gharama sisemi, mke wangu husoma hapa.

*

Tuanze upya, kwenye madini yenyewe.

Kwa Kiswahili risasi ni madini, na risasi hiyohiyo ndiyo inayotoka kwenye bunduki. Waarabu wanasema vivyo hivyo, kwao ndiko tulikoitoa. Neno limetoka enzi ambazo kilichorushwa kilikuwa risasi tupu, kabla hakijavishwa koti la shaba. Kwa hiyo ninaposema nasubu risasi za risasi sichezi na maneno, ndivyo ilivyo.

Ninazipata kazini. Nyumba kongwe za huku, za miaka ya 1920, zina mabomba ya maji machafu ya chuma cha kusubu, na viungo vyake vilizibwa kwa namna ambayo leo hatufanyi: fundi alikuwa akishindilia nyuzi zilizolowekwa lami kwenye mwanya, kisha akimimina risasi iliyoyeyuka juu yake na kuigongagonga kwa patasi butu. Siku ya kwanza kuubomoa mfereji kama huo nilisimama nikacheka peke yangu. Nilikuwa namwona baba mdogo pale ufukweni Sahare, anatia kalafati mashua: pamba kwenye mwanya wa mbao, nyundo, patasi, pamba, nyundo. Kazi ileile. Nyuzi zinaziba, kitu kizito kinashikilia nyuzi.

Hiyo risasi ya kwenye viungo ni safi na laini, unaichora kwa ukucha. Ndiyo ninayoitaka. Vyuma vya kusawazishia magurudumu, ambavyo wengi wanavitegemea, ni vigumu zaidi, na siku hizi vingi ni zinki au chuma tupu. Kipande kimoja cha zinki kikiingia kwenye chungu kinaharibu chungu kizima, inakuwa kama uji uliokatika. Mimi nachanganya sehemu ishirini za risasi na sehemu moja ya bati ili ijae vizuri kwenye kalibu. Kupima ugumu natumia penseli za kuchorea za wasanii: unachonga, unasukuma ncha kwenye risasi, unatafuta penseli ya kwanza inayokwaruza badala ya kuteleza. Binti yangu alizitafuta penseli zake mwezi mzima.

Kwa nini laini? Kwa sababu mitutu ya zamani si sawasawa, na kichwa cha risasi laini kinajirekebisha chenyewe. Baruti ikikigonga kwa nyuma, kitako kinatanuka na kujaa kwenye mifereji ya mtutu, ile iliyochongwa ndani kwa kujisokota. Gesi haina pa kupita. Kikiwa kigumu kupita kiasi hakitanuki, gesi inachungulia pembeni, inakichoma ukingo, na kile kilichochomwa kinakwenda kuganda ndani ya mtutu. Halafu jioni nzima unasugua. Kikiwa laini na ukakisukuma kwa kasi mno, nacho kinateleza juu ya mifereji bila kuishika. Ulaini una mwendo wake. Baruti nyeusi, yenye mwendo wa mita 400 na kidogo kwa sekunde, inaujua mwendo huo, maana vilikua pamoja.

Kusubu kwenyewe nitakupitisha haraka, maana kuna watu wanaolieleza jambo hili vizuri kuliko mimi. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, mimi namimina karibu na 400. Kipande cha nta ya nyuki kwenye chungu kinasafisha uchafu na kujaza moshi, kwa hiyo ninafanyia gereji mlango ukiwa wazi, hata ikiwa nyuzi kumi chini ya sifuri. Kichwa chenye mikunjo maana yake kalibu ni baridi. Chenye ukungu mweupe, ni moto mno. Maji hayakaribii hapo, hata tone la jasho, kwa sababu tone likiingia chini ya risasi iliyoyeyuka linalipuka mvuke na chungu kinatapika. Unanawa mikono kabla ya kushika mlango wa jikoni. Watoto hawaingii, na hapo hakuna mjadala.

*

Sasa vijazo.

Baada ya pete, Mzee alinipeleka darasani upya, na darasa lilikuwa sanduku lake la karanga lililojaa vifuko vya kila kitu ambacho binadamu amewahi kukitia kwenye ganda la risasi. Nyuzi za poliesta za kujazia mito. Simolina, kama ya uji wa watoto. Unga wa mahindi. Nilipouona unga wa mahindi nilimwambia, Mzee, kwetu hii ni dhambi.

“Kwenye ganda lililonyooka, na baruti nyeusi, si dhambi,” akasema. “Unapunguza baruti, unajazia unga, unashindilia, hakuna hewa. Kwenye ganda lenye shingo ndipo dhambi inapoanza.”

Ukiishawahi kuona choo kilichoziba kwa mchele utaelewa. Kitu cha chembechembe kinachosukumwa kutoka penye upana kwenda penye wembamba kinajikaza. Kila chembe inamsubiri mwenzake, inakuwa jiwe. Kwenye ganda lenye mabega na shingo, unga unaweza kufanya hivyo hasa, na mgandamizo unapanda juu. Tena unga una uzito. Watu wanausahau. Uzito wa kijazo ni wa kuhesabu kama sehemu ya kile unachokisukuma, si kama hewa.

Poliesta ni nyepesi, watu wengi huku wanaitumia. Mimi siipendi. Inayeyuka. Majira ya baridi naiokota mbele ya mtutu, vidonge vidogo vigumu vyeusi juu ya theluji, na kila nikikishika kimoja najiuliza kilikuwa na umbo gani kilipokuwa ndani.

Halafu Mzee akafungua kifuko cha mwisho, akanipa kitu mkononi, na mimi nikajikuta niko Muheza nina miaka sita.

Ilikuwa sufi.

Sufi hasa, ile ya mti wa msufi. Nilikuwa sijaishika tangu niondoke nyumbani, na bado vidole viliijua: haina uzito, inateleza kidogo, ukiifinya inarudi. Nyumbani kwa bibi mzaa mama kulikuwa na msufi nyuma ya jiko, na kiangazi maganda yake yanapasuka na uwanja mzima unakuwa mweupe, tunakimbizwa kuokota kabla upepo haujaichukua. Godoro nililolalia, mto niliolalia, yote sufi. Kumbe wazungu waliokuwa na bunduki kubwa za zamani za Kiingereza, zile za mitutu miwili zilizohamishwa kutoka baruti nyeusi kwenda baruti ya kisasa, wamekuwa wakiitia sufi kwenye maganda yao kwa sababu hizo hizo: ni nyepesi, inajaa, inarudi, na ikipata moto inakwisha badala ya kuyeyuka.

Usiku huo nikampigia mama.

“Mama, shikamoo.”

“Marahaba mwanangu, wazima huko? Baridi?”

“Wazima. Mama, ule msufi wa kwa bibi upo bado?”

“Upo. Umezeeka kama mimi. Kwani vipi?”

“Naomba uniwekee sufi kidogo, atakayekuja aje nayo.”

Kimya kidogo. “Sufi? Huko Marekani mmekosa mito?”

Nikamweleza kwa kuzungukazunguka, nikamwambia ni ya mchezo wa shabaha, kama Olimpiki. Akasikiliza yote, akasema, “Haya. Mimi nitasema ni ya mto.” Hakuna aliyekuja nayo mpaka leo, na ukweli ni kwamba pale uwanja wa ndege ningekuwa na maelezo marefu ya kutoa kuhusu mbegu zilizojificha ndani. Nilinunua mfuko kwenye duka la vitu vya kushonea. Imetoka Asia. Nzuri, lakini imechambuliwa mno, haina hata kikonyo kimoja cha kukuchoma shavuni.

Kwa ile .45-70, kwenye risasi nyepesi za baruti ya kisasa, ndiyo ninayoitumia sasa, na kwa sharti moja: ijae nafasi yote, kutoka kwenye baruti hadi kwenye kitako, bila kuacha upenyo na bila kushindiliwa ikawa donge. Ninaichambua kwa vidole mpaka iwe kama moshi. Nikitikisa ganda karibu na sikio nisisikie kitu. Vipimo vya baruti sitaviandika hapa, msiniombe. Kila bunduki na kitabu chake, watengenezaji wa baruti wanavichapisha, na ukiongeza kijazo chochote juu ya kipimo kilichopimwa bila kijazo umeshatoka kwenye kitabu. Rudi chini kabisa, uanze kupanda polepole. Na kiangazi angalia majani makavu mbele ya mtutu, sufi inaweza kutua huku bado ina cheche.

Kizibo cha karatasi juu ya baruti kidogo yenye hewa, hapana. Sijali nani kasema kwake hakijaleta shida. Kwangu nacho hakikuleta shida, risasi kadhaa za mwanzo.

*

Lakini kitu ninachotaka hasa kukisimulia ni bunduki ya pili.

Niliikuta kwenye maonyesho ya silaha za kale, imelala chini ya meza kama mwiko wa shughuli, ndefu, nzito, mbao zimekuwa nyeusi kwa mafuta ya mikono. Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya Kijerumani. Imepigwa chapa ya kiwanda cha Amberg, 1878. Inapakiwa moja moja. Huku bunduki iliyotengenezwa kabla ya 1899 inahesabiwa kwa sheria ya shirikisho kuwa kitu cha kale, kwa hiyo karatasi zake ni chache. Niliulizwa mara mbili kwa nini naitaka hii na si nyingine iliyo safi zaidi. Nikasema natoka Tanga, na muuzaji akanitazama bila kuelewa.

Askari wa Mjerumani waliopigana Tanga mwezi Novemba 1914 wengi wao walikuwa na hiyo, katika umbo lake fupi kidogo. Waingereza walishuka Ras Kasone na jeshi kutoka India, wakapigwa, wakarudi melini. Utotoni tulikuwa tunaijua kama vita vya nyuki, kwa sababu mizinga iliyokuwa kwenye miti ilivurugwa na risasi, nyuki wakatoka wakauma kila aliyekuwa mbele yao. Ambalo hatukuambiwa ni kwamba bunduki za askari zilikuwa tayari ni za kizamani siku ile. Zilikuwa za baruti nyeusi. Kila aliyefyatua aliinua wingu jeupe juu ya kichwa chake linalosema nipo hapa. Na mwaka uliofuata, meli iliyoleta silaha ilipozamishwa ghuba ya Manza kaskazini ya mji, sehemu kubwa ya risasi zilizoopolewa zililowa maji ya chumvi zikawa hazilii. Ikabidi zifunguliwe zote, baruti isafishwe, fataki nyingine zibadilishwe, zifungwe tena. Ninapokaa kwenye benchi langu na ganda moja mkononi, nikichoka, huwa nawafikiria waliozifungua hizo. Nani alizihesabu? Walikaa kwenye mikeka?

Risasi ya asili ya hiyo 71 ilikuwa na gramu 5 za baruti nyeusi na kichwa cha gramu 25 cha risasi laini, kilichofungwa karatasi. Na katikati yake, kati ya baruti na kichwa, Wajerumani waliweka kiduara cha nta ya nyuki kilichobanwa na viduara viwili vya karatasi ngumu, kimoja chini, kimoja juu. Nta. Nyuki waliokuwa kwenye miti ya Tanga na nyuki waliokuwa ndani ya ganda.

Hapa kizibo hakina ubishi, kwa sababu hakuna hewa. Baruti imejaa, karatasi imeikalia, nta imeikalia karatasi, karatasi imeikalia nta, kichwa kimekalia vyote. Vimeshikana kama watu kwenye daladala ya saa kumi na mbili asubuhi, hakuna anayeweza kupata mwendo wa kumgonga mwenzake.

Ninavyokitengeneza: nta ya nyuki na shahamu ya kondoo, naziyeyusha pamoja kwenye kopo lililokaa ndani ya maji ya moto. Wakati wa baridi shahamu inazidi, maana nta tupu kwenye nyuzi ishirini chini ya sifuri inavunjika kama biskuti. Namimina kwenye sinia ya bati, ikianza kukaza naitandaza kwa chupa, unene kama wa shilingi mbili zilizobebana. Kisha nachukua ganda tupu, nageuza mdomo chini, nakata, kama unavyokata visheti. Kiduara kinabaki ndani ya mdomo wa ganda, nakisukuma kutoka kwa kijiti kupitia tundu la fataki. Karatasi naikata kwa patasi ya duara na nyundo, juu ya gogo. Pakiti ya maziwa bado inatumika, nimeisamehe. “Baba, maziwa hayajaisha,” ndiyo salamu ya asubuhi siku ya Jumamosi.

Karatasi ya chini inazuia shahamu isiloweshe baruti. Ya juu niliidharau mwanzoni, nikaona moja inatosha. Shabaha ikatawanyika ovyo, kikombe cha chai hakikuweza kufunika matundu mawili kwa pamoja. Kumbe nta ilikuwa inaganda kwenye kitako cha kichwa na kuondoka nacho, tena inaganda upande upande, kichwa kinaruka kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Niliporudisha karatasi ya juu kila kimoja kikaenda njia yake.

Kukifunga kichwa karatasi ni kazi ya subira. Karatasi nyembamba ya pamba, imekatwa mshazari, imelowekwa kidogo, unaiviringisha mizunguko miwili kamili ili ncha zikutane bila kupandana. Kisha unaikunja chini ya kitako na kuacha ikauke. Ikikauka inajibana yenyewe. Mke wangu aliniona siku moja nimezipanga arobaini kwenye tambara, nyeupe, wima, akasema nimekuwa mshona sanda.

*

Jumamosi iliyopita tulikwenda, mimi na Mzee, yeye kwenye kiti chake cha kukunja na blanketi magotini. Nyuzi kumi na tano chini. Theluji mpya juu ya ile iliyoganda, hakuna upepo. Nilipakia kumi tu.

Ukifyatua baruti nyeusi kwenye hewa iliyotulia, wingu linakaa. Unasubiri. Nilipokuwa nasubiri nilinusa moshi wake, kiberiti na yai viza, na ndani yake kwa mbali nta iliyoungua, kama kanisani, na nikafikiri ndiyo harufu iliyokuwa Ras Kasone pia, ikichanganyika na ya pwani. Wingu likipanda unaona karatasi ya shabaha, yadi 100. Nane kati ya kumi zilikaa ndani ya sahani ya chai. Mbili zilikwenda zake.

Kisha ninafanya kitu ambacho wengine wanakiona cha kitoto. Bunduki ikiwa wazi na ufyatuaji umesimamishwa, natembea hatua kumi na tano mbele na kuokota viduara vyangu. Kwenye majani huwezi, kwenye theluji ni vidoa vyeusi, vyote vimelala ndani ya nafasi ya ukubwa wa mkeka. Navisoma. Kiduara kizima, chenye alama za mifereji ukingoni pande zote kama kizibo cha soda, kimefanya kazi yake. Kilichoungua upande mmoja, hapo gesi ilichungulia. Kumi kwa viwili ni ishirini. Nilipata kumi na nane. Kumi na saba vilikuwa vizima, kimoja kimeungua ukingo upana wa kucha, nikakitia kwenye mfuko tofauti.

Viwili havikuonekana. Nikarudi kwenye bunduki, nikachungulia mtutu kuelekea angani. Mweupe, mifereji imejisokota mpaka mwisho, hakuna kitu.

“Umepata ngapi?” Mzee akauliza kutoka kwenye blanketi.

“Kumi na nane.”

“Tafuta.”

Nikarudi kutafuta. Saa kumi na robo, vidole vimekufa ganzi, kimoja nikakiona kwenye tundu la unyayo wangu mwenyewe, nilikuwa nimekikanyaga. Kile cha ishirini kitaonekana theluji ikiyeyuka.